Steringi wa Filamu ya Mto

Kwa miaka ishirini na miwili nimetafsiri filamu za lugha tatu, na sijui hata moja kati ya hizo. Nalisema sasa kwa sababu limeshapoa. Zamani ungenifunga kamba usingelipata.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Nina banda la kuonyeshea filamu, mabenchi kumi na manane, kioo kikubwa, na kipaza sauti ambacho ndicho kilichonipa jina. Mtaa mzima unaniita Mzee Kipaza, hata mama mkwe wangu. Filamu ikianza napunguza sauti yake mpaka inabaki milio ya risasi na muziki kwa mbali, halafu naongea mimi. Mtu akifungua mdomo, namsemea. Akikunja uso, namsemea kwa hasira. Akigeuza mgongo namsemea pia, maana huko nyuma nani anajua kama amefunga mdomo?

Kazi ina kanuni zake. Uso ukionyeshwa kwa karibu mara tatu kabla ya dakika ya kumi, huyo ndiye steringi, shujaa mwenyewe, mwenye filamu yake. Anayevuta sigara ameegemea gari ni adui. Anayecheka sana mwanzoni atakufa, na kifo chake ndicho kitakachompandisha steringi hasira. Na steringi hafi. Hiyo ya mwisho si kanuni yangu, ni ya watazamaji, mimi naitii tu. Niliwahi kuletewa filamu ambayo steringi anakufa mwishoni. Nilizima jenereta dakika tano kabla, nikasema mafuta yameisha, na watu wakaenda kulala na furaha yao.

Siri hii tuliijua wawili, mimi na binti yangu. Mke wangu hajawahi kuuliza, na asiyeuliza simhesabu.

Binti aliijua akiwa na miaka kumi na miwili. Shuleni walikuwa wameanza kufundishwa mojawapo ya lugha zile, na Jumamosi moja akaja bandani, akakaa benchi la mbele. Steringi alikuwa amesimama mlangoni mwa hospitali, analia. Mimi nikanguruma, "Nani kaniibia pikipiki yangu?" Watu wakashangilia. Binti yangu akageuka akanitazama. Akatazama kioo, akanitazama tena, kisha akanyanyuka akatoka. Hakukanyaga tena bandani mwangu kwa miaka kumi na mitatu. Tulikula pamoja, tukasafiri pamoja kwenda kuzika ndugu, nikamsomesha mpaka chuo kwa maneno ya kutunga, na jambo lile hatukuligusa hata siku moja. Niliamini ananionea aibu. Iliniuma, na iliniuma zaidi kwa sababu niliona ana haki.

Mwaka huu akapata kazi katika ofisi inayosimamia mito. Walimpa miezi mitatu ya majaribio, na kazi ya kuhitimisha majaribio hayo ikawa hapa kwetu: aonyeshe hadharani filamu ya mto mmoja wa porini, mto wa mbali ambao haujawahi kuzibwa wala kuelekezwa na mtu, halafu watu wa mtaa waunde kamati ya kutunza kijito chetu. Kijito chetu kinapita nyuma ya mashine ya kusaga. Ndani yake kuna mifuko, nywele zote ambazo kinyozi wetu amezinyoa tangu afungue kibanda, na tairi moja la trekta, ingawa hakuna mtu wa mtaa huu aliyewahi kuwa na trekta.

Bosi wake angekuja mwenyewe kushuhudia. Watu wakikaa mpaka mwisho na kamati ikapatikana, binti anabaki kazini. Wakiondoka katikati, ataandikiwa barua nzuri ya kumshukuru na kumtakia heri.

Kwenye mkutano wa mtaa binti alieleza kwamba tafsiri ya filamu ataisoma yeye. Kinyozi akasimama. Kinyozi ni mteja wangu wa tangu siku ya kwanza, na filamu isiyo na mimi haihesabu kuwa filamu.

"Atatafsiri Mzee Kipaza," alisema.

"Kaka, filamu hii ni ya kitaalamu," binti akamjibu.

"Sawa. Wewe soma utaalamu wako, sisi tutakuwa nyumbani."

Watu wakapiga makofi. Ndivyo nilivyopewa kazi.

Siku mbili kabla, binti akaja kunitembelea akiwa na karatasi sita.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Karibu."

"Nimekuletea maneno ya filamu. Nimeyatafsiri yote, na dakika nimeziandika pembeni."

"Ya nini?"

"Ya kusoma."

"Anayesoma ni mtangazaji wa habari."

"Baba, hii si kama zile nyingine. Bosi wangu anaijua lugha hii. Na filamu ameshaiona mara nyingi."

Hatukuwa tumewahi kulikaribia jambo lile kiasi hicho. Ningenyamaza sekunde mbili tu angelisema lote, nami ningelikubali lote. Sikunyamaza.

"Unanifundisha kazi?"

"Hapana, Baba."

Akaziacha mezani. Alipoondoka nilisoma ukurasa wa kwanza. Ulianza hivi: "Mto huu unaanzia kwenye chemchemi tatu, katika mwinuko wa mita elfu mbili na mia nne." Nikazikunja karatasi. Sijawahi kuona mtu akishangilia mwinuko.

"Soma karatasi za mtoto," mke wangu akasema kutoka jikoni.

"Nitaona."

Nyumbani kwetu "nitaona" maana yake ni hapana, na yeye anajua.

Ijumaa saa moja jioni uwanja ulikuwa umejaa. Ukuta wa mashine ya kusaga ulikuwa umepakwa chokaa nyeupe, projekta ikawekwa juu ya meza ya kinyozi, na mimi nikakaa pembeni nyuma ya spika langu, ambalo urefu wake ni wa kabati la nguo. Watu walikuja na vigoda na mikeka. Bosi alikuja na kiti chake cha kukunja, akakaa mbele kabisa, akafungua daftari. Alikuwa mama wa makamo, mpole wa sura, ambaye nadhani alicheka mara ya mwisho akiwa shuleni. Nikapunguza sauti ya filamu mpaka chini, kama kawaida yangu.

Picha ikaanza. Maji. Yakaja maji mengine. Mawe, ukungu, na maji tena. Mimi nikatulia, namsubiri mtu. Dakika ya pili hakuna mtu. Dakika ya nne hakuna mtu. Watu wakaanza kukohoa. Ikabidi niseme, "Hapa ndipo mahali penyewe," ambalo ni jambo la kweli kwa filamu yoyote.

Ndipo akatokea swala mmoja mdogo mwenye sikio lililochanika. Wakamwonyesha kwa karibu. Akanywa maji, wakamwonyesha tena. Akashtuka, wakamwonyesha mara ya tatu. Kanuni ni kanuni.

"Naitwa Komandoo!" nikanguruma. "Sikio hili walinichana wao. Nimerudi!"

Uwanja mzima ukashangilia. Watoto wakaruka. Hata mke wangu, ambaye alikuwa amenuna kwa ajili ya karatasi, nilimwona akisogeza kigoda mbele. Kichwa kikanivimba. Majini pakatokea macho mawili ya mamba, nikampa sauti nzito: "Komandoo, mto huu una wenyewe." Watu wakapiga mbinja. Nilimwangalia bosi. Alikuwa ameacha kuandika, ananitazama mimi badala ya ukuta.

Dakika ya kumi na moja mamba akamkamata Komandoo shingoni, akazama naye.

Mbinja zikakatika.

"Amejifanya tu!" nikasema haraka. "Anamvutia kwenye kina!"

Watu wakasubiri. Filamu ikahamia kwa ndege. Ndege wengi, weupe, wanajenga viota. Watu wakaendelea kumsubiri Komandoo atoke nyuma ya ndege.

"Mzee Kipaza," kinyozi aliita, "Komandoo ametoka?"

"Tulia. Anaogelea chini kwa chini."

Ndege wakaisha. Mamba akaonyeshwa juu ya mchanga, amelala, mdomo wazi, tumbo limemjaa.

Kinyozi akasimama. "Anaogelea tumboni?"

"Steringi hafi!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma, na mwingine akaidaka, na mwingine tena, mpaka ikawa uwanja mzima. Walikuwa na haki. Niliwafundisha mwenyewe kwa miaka ishirini na miwili. Mwanamke mmoja akakunja mkeka wake. Safu mbili za nyuma zikanyanyuka. Bosi akatazama saa yake, akaandika mstari mmoja mfupi kwenye daftari, na ufupi wake ulinitisha.

Binti yangu alikuwa amesimama kando ya projekta. Nilimwona anaanza kutembea kuja kwangu, na nikajua anakuja kuchukua kipaza. Nilikuwa tayari kumpa. Angesoma karatasi zake vizuri, watu wangejua ya kwamba filamu ina maneno yake na kwamba si yangu, na Jumamosi wangekaa nyumbani wakikumbuka filamu zao zote moja baada ya nyingine. Basi na iwe hivyo, nikasema moyoni. Kazi yangu imeshamsomesha, kama ni kufa na ife.

Hakuchukua kipaza. Alichuchumaa nyuma ya spika na nakala ya zile karatasi mkononi, kati yangu na jenereta, mahali ambapo hakuna aliyeweza kumwona.

"Sema swala amekufa," alininong'oneza.

Nikaziba kipaza kwa kiganja. "Siwezi. Steringi hafi."

"Swala si steringi."

"Nimeshamtangaza."

"Umekosea mtu, Baba. Steringi ni mto."

Nikatazama ukuta. Maji yalikuwa yakipita chini ya mamba, chini ya ndege, chini ya kila kitu, kama yalivyopita tangu picha ya kwanza. Nilijiona mjinga, halafu nikafanya ninachokifanya kila nikijiona mjinga.

"Ndugu watazamaji!" nikasema. "Kaeni chini. Nimewanyamazia makusudi nione nani ana akili. Komandoo amekufa. Amekufa kabisa." Akina mama wakaguna. "Lakini nani kawaambia Komandoo ni steringi?"

"Wewe!" wakajibu wote.

"Mimi nilikuwa nawapima. Nani ameonekana wa kwanza? Nani hajatoka kwenye picha tangu tuanze?"

Yule mwanamke aliyekunja mkeka akasema, kwa sauti ya mtu asiye na uhakika, "Maji?"

"Mto!" nikasema. "Steringi ni mto!"

Kinyozi alikuwa bado amesimama. Alikuna kidevu chake kwa muda. "Mto haufi," alisema polepole, akiupima. "Mbona kweli. Mamba, swala, wote wanakufa, wenyewe unapita." Akakaa. Kinyozi akikaa, uwanja unakaa.

"Na adui ni nani?" mtu akauliza.

Nikainama kidogo. "Adui hajatokea bado," binti akanong'ona. Nikasema hivyohivyo, na kuanzia hapo watu walitazama ule ukuta kwa macho makali kuliko walivyowahi kutazama filamu yoyote ya bastola. Kila aliyetokea alishukiwa. Kiboko alishukiwa kwa muda mrefu, mpaka alipopiga miayo ndipo akasamehewa. Binti aliniletea sentensi moja moja, nami nikazitoa kwa sauti yangu. Nilitoa hata mwinuko. Watu waliupokea mwinuko vizuri, maana sasa ulikuwa urefu wa steringi.

Karibu na dakika ya arobaini, kwenye kona ambapo maji yanazunguka, ikatokea chupa tupu ya plastiki.

"Sema imesafiri siku tisa kutoka mji ulio karibu zaidi," binti akasema.

Nikasema.

"Huyo hapo!" kinyozi akapiga kelele, akinyoosha kidole. Kisha nadhani alikumbuka nywele, maana alishusha kidole taratibu, akakikalia.

Sehemu ya mwisho ilikuwa ya samaki. Maporomoko makubwa, na samaki wanaruka kuyapanda. Wanaruka, wanaanguka, wanaruka tena. Hapo binti alinyamaza kidogo, nikadhani amepotea kwenye karatasi. Aliporudi sauti yake ilikuwa imekauka, na maneno yalikuja mojamoja.

"Samaki huyu hakuonyeshwa njia na mtu."

Nikasema.

"Hapandi kwa sababu anaijua njia. Anapanda kwa sababu ana watoto."

Nikasema.

"Akikosea, hasemi. Hupita hapohapo alipokosea kana kwamba ndipo penyewe, na wote walio nyuma yake humfuata."

Hilo nililiona refu mno kwa samaki, lakini nikalisema.

"Watoto wake watakuja kujua kwamba hakuijua njia. Watalijua hilo wakiwa wameshafika."

Nikasema hilo pia. Samaki mmoja akaruka, akapita juu ya jiwe la mwisho, na picha ikazimika.

Walipiga makofi mpaka vumbi likapanda. Kamati ilipatikana palepale, watu saba, kinyozi akiwa wa kwanza kujiandikisha kwa sababu kila mtu alikuwa anamtazama. Bosi alisubiri kelele zipungue, akakunja kiti chake, akaja kwangu nacho mkononi.

"Hongera, mzee."

"Asante, mama."

"Swala anaitwa Komandoo?"

"Alikuwa anaitwa."

Akatikisa kichwa kama mtu anayepokea taarifa. "Lugha hii ulijifunzia wapi?"

"Kazini."

"Inaonekana." Alitazama upande ambao binti yangu alikuwa akikusanya nyaya. "Jumatatu aje asaini mkataba. Nimeshamwambia. Ila kuna kitu kimenishinda. Pale mwisho, samaki wanapopanda. Filamu hii nimeitazama mara tisa, mzee. Pale hapasemwi kitu. Ni maji tu, dakika nne nzima. Mtengenezaji alinyamaza makusudi."

"Labda sauti ilikuwa chini," nikasema.

"Labda," akasema, akaniaga vizuri, akaondoka na kiti chake.

Nilibaki pale nimesimama. Nilianza kuyarudia yale maneno kichwani, moja moja, kwa utaratibu uleule niliopewa, na nilipofika kwenye lile la watoto kujua nikashindwa kuendelea. Nikaenda kwa binti. Alikuwa anakunja waya mrefu wa projekta, anauzungusha kwenye kiwiko.

"Yule samaki," nikamwambia.

Hakuinua macho. "Bosi amekwambia."

"Ameniambia. Tangu lini watu wa ofisi ya mito wanatunga?"

"Si umenizaa wewe?"

Ningeweza kucheka hapo tukaishia hapo. Sisi ni hodari wa kuishia hapo. Lakini nilikuwa nimeshachoka na lile jambo.

"Nilijua kwamba unajua," nikasema. "Tangu ile Jumamosi. Hukuingia tena bandani, nami nikasema basi, mwanangu ananionea aibu. Miaka kumi na mitatu nasema hivyo."

Waya ukasimama mkononi mwake. "Aibu?"

"Na ulikuwa na haki."

"Baba." Sasa aliniangalia. "Yule mtu wa hospitalini alikuwa anasema mama yake amefariki. Wewe ukasema ameibiwa pikipiki. Nilitoka nje nikacheka mpaka nikakaa chini kwenye vumbi. Sikuwahi kucheka vile. Nikaona nikirudi ndani nitacheka tena, tena pale ambapo wenzangu hawacheki, na itatosha mtu mmoja aulize huyu mtoto anacheka nini. Kazi yako ingekuwa imekwisha siku hiyohiyo."

Nilitafuta cha kushika nikashika spika.

"Kwa hiyo ukakaa nyumbani," nikasema.

"Nani amekaa nyumbani? Nilikuwa nyuma ya banda, chini ya dirisha. Pale unasikika vizuri tu, na mtu anaweza kucheka anavyotaka."

"Siku zote hizo?"

"Kila Jumamosi. Hata nikiwa chuo, nikija likizo." Akaninyooshea ncha ya waya. "Shika hapo, Baba, tumalize."

Nikashika. Alivuta upande wake, mimi nikavuta wangu, tukaukunja ule waya kipande kwa kipande. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta, maana mikono yote miwili ilikuwa na kazi.